Nilimshika Mkono Mtoto Asiyesema, Sasa Hakuna Anayemwamini

Admin, nifichie jina maana huku Korogwe tunajuana mpaka vidole vya miguu. Mimi ni mama wa miaka 36, mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu katika shule moja ya msingi, sitaitaja. Mtakaokuja kunitukana karibuni, ingawa nimeshajitukana vya kutosha.

Darasani kwangu kuna binti wa miaka kumi na mbili, nitamwita Pili. Ana mtindio wa ubongo, hawezi kutamka neno, lakini akili yake nzima kuwashinda wengi wanaomcheka. Wafadhili walituletea kishikwambi chenye picha. Akigusa picha kinatoa sauti: maji, choo, nimechoka, sitaki. Kazi yangu ni kumfundisha na kumsubiri, na kusubiri ndiko kugumu, kwa sababu kidole chake kinaweza kuchukua dakika nzima kufika kwenye picha moja.

Balaa lilianza siku ya mahafali. Mwalimu mkuu alitaka Pili amshukuru mgeni rasmi mbele ya wazazi. Nikarekodi kwa sauti yangu "Asante sana mgeni rasmi", nikaiwekea picha ya ua. Zamu yetu ikafika, Pili akagoma. Watu wako juani, mgeni anaangalia saa, mwalimu mkuu kanikazia macho. Nikaona aibu. Nikamshika mkono, nikakipeleka kidole chake mimi mwenyewe kwenye ile picha. Weee! Makofi, vigelegele, simu zote hewani zinarekodi. Pili alinitazama tu. Toka siku hiyo kila mgeni akija shuleni tulifanya vilevile, na mimi nikawa napewa pongezi.

Pili analelewa na baba yake mkubwa, kijiji kimoja upande wa Handeni. Aliporudi bwenini baada ya likizo fupi, akaanza kugusa picha tatu zilezile kila siku: "Mimi. Mbuzi. Nyumbani." Hapo sikumshika mkono, naapa kwa Mungu aliyeniumba. Nikamwambia matroni, "Huyu kakumbuka mbuzi wao." Tukacheka. Nikamtania, "Haya Pili, mimi utanipa wangapi sikukuu ya Idi?" Hakucheka. Akarudia, "Mimi. Mbuzi."

Wiki iliyofuata matroni akaniita bafuni, akaninyanyulia mguu wa mtoto. Kwenye kifundo kulikuwa na alama ya kamba, imezunguka mguu mzima, ngozi imekuwa nyeusi na ngumu. Jamani. Kile kishikwambi hakina picha ya kamba, wala ya kufungwa. Mtoto wa watu alitafuta kwenye wanyama mpaka akampata anayeshinda amefungwa kamba, akatuambia, na sisi tukacheka. Nililia hapo hapo bafuni.

Nikampelekea habari mwalimu mkuu, naye akamwita afisa wa ustawi wa jamii. Akamwita na baba mkubwa siku hiyo hiyo, tukakutanishwa wote chumba kimoja, Pili akiwemo. Mzee akaja na kanzu safi, mpole, anasalimia kila mtu. "Shikamoo mzee," nikamwambia. "Marahaba mwanangu," akaitikia akitabasamu. Akasema ile alama ni vile viatu vya chuma vya hospitali, vilimbana. Halafu akatoa simu, akamwonyesha afisa video ya mahafali. "Tazama, mwanangu. Mkono huo ni wa nani? Mwalimu huyu ndiye anayemsemesha."

Afisa, dada mmoja mstaarabu, akaniuliza, "Mwalimu, ulimshika mkono?"

Mwalimu mkuu akanitazama. Nikajibu, "Hapana, nilimwegemeza tu asianguke." Sijui ulimi huo niliutoa wapi. Video ipo mbele yetu, nami nakana.

Nikatolewa nje. Pili akaulizwa kama nyumbani kuna shida, huku baba mkubwa kakaa pembeni yake, kamwekea mkono begani. Nilikuwa karibu na dirisha, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye kile kishikwambi: "Asante sana mgeni rasmi." Ikatoka tena. Ndani wakacheka. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba mgeni akija, hilo ndilo linalotakiwa. Afisa akaandika kuwa mtoto hana tatizo.

Wakati anaondoka mzee akanisogelea, upole wake uleule. "Ijumaa shule ikifungwa namchukua. Harudi tena, tutakaa naye wenyewe. Hicho kidude bakini nacho."

Leo ni Jumatano. Mwalimu mkuu ananiambia ninyamaze, wafadhili wakijua tulikuwa tunaigiza watachukua vifaa vyote na watoto wengine watakosa. Matroni anasema twende polisi, dawati la jinsia na watoto, lakini tayari kuna karatasi inayosema hakuna tatizo. Nikirudi kwa afisa nikiri kwamba nilidanganya, kazi sina, na mzee atasema, mnaona, si niliwaambia? Nimewaza hata kumtorosha nimpeleke kwa mama yangu, kijijini Mpale. Nitaitwa mwizi wa watoto.

Pili mwenyewe tangu siku ile anakisukuma kishikwambi, hataki hata kukiona. Leo mchana nilikaa naye, nikakiweka mezani, nikasubiri muda mrefu sana. Mwisho akanyoosha kidole. "Mwalimu. Nyumbani. Sitaki." Akabaki ananitazama anataka jibu, na mimi nikajifanya nafuta meza.

Ndugu zangu, nishaurini bila kunionea haya, nimjibu nini huyu mtoto? Ila fanyeni haraka. Ijumaa saa nne asubuhi mzee atakuwa getini.