Kamanda Pennefather na Rangi Yake

Aliyewahi kutumikia manowari za Mfalme Edward pale Malta alimjua Kamanda Aubrey Pennefather, na kama hakumjua yeye basi alimjua mtu wa aina yake, maana walikuwa wengi. Mimi nilikuwa daktari wa meli yake, Paramount, na mpaka leo nikimkumbuka nacheka kwanza, halafu nakasirika.

Baba yake alikuwa kasisi huko Dorset, mwenye watoto wengi na kuku wachache. Aubrey alipelekwa jeshi la majini akiwa bado mtoto, si kwa kuililia bahari, ila kwa kuwa kaka zake walishachukua kanisa na jeshi la nchi kavu. Kwenye hesabu alikuwa mzito. Kwenye bendera za ishara alikuwa mzito zaidi. Kisha siku moja akapewa mashua ndogo aisimamie. Akaipaka rangi nyeupe, akasugua shaba zake mpaka zikaumiza macho, na mke wa Admirali fulani aliyekuwa akipita akauliza, "Jamani, kimashua kizuri hicho cha nani?" Pennefather akaona njia yake ya maisha imefunguka. Tangu hapo hakujifunza kitu kingine.

Wala msimcheke peke yake. Enzi zile meli ilipimwa kwa macho. Serikali ilitoa rangi kidogo, tena hafifu, na afisa aliyetaka kupanda cheo alinunua nzuri kutoka mfukoni mwake. Asiye na mfuko alioa. Pennefather alimwoa Winifred, binti wa mwenye kiwanda cha bia huko Burton, mwanamke mchangamfu asiye na makuu, na bia ya baba mkwe ikageuka rangi ya kung'aa na dhahabu ya kupaka kwenye nakshi.

"Waume wa wenzangu wanahonga vimada, daktari," Winifred aliniambia tukinywa chai nyumbani kwao Sliema. "Wangu anahonga chuma."

"Angalau chuma hakimkimbii, mama."

"Hakimkimbii, lakini hakishibi!"

Adui wa rangi ni mzinga. Ukipigwa, moshi unachafua sitaha na mshindo unapasua rangi. Kila baada ya miezi michache tulitakiwa kwenda kulenga shabaha, lakini Kapteni wetu alikuwa mzee wa jongo, viungo vimemvimba, asiyetoka chumbani kwake, na mambo yote alimwachia Pennefather. Naye akapata dawa. Makombora ya mazoezi yalitoswa baharini, Kapteni akaambiwa mazoezi yamekwenda salama, basi. Meli nyingine nazo zilitosa vilevile. Samaki wa Malta walikuwa na silaha nyingi kuliko Sultani wa Uturuki.

Lisilonichekesha ni la Huxtable. Huyu alikuwa baharia wa kawaida, mtu wa Devon, aliyeninginizwa kando ya bomba la moshi apake rangi wakati meli inakwenda na bahari imechafuka. Akaanguka sitahani na ndoo yake. Nilifika mbio, nikakuta mfupa wa mguu umetoka nje. Pennefather naye akafika, akainama, akatazama huku na huku, kisha akauliza, "Rangi imemwagika wapi?"

"Afande, mtu huyu amevunjika mguu," nikamwambia.

"Naona, daktari, naona. Lakini mtoeni hapo, anailalia."

Huxtable alirudishwa kwao na gongo. Sikumsamehe Pennefather, na sikusudii.

Mwaka ule Pennefather alikuwa ukingoni. Umri wa ukamanda ulikuwa unamwishia. Majina ya wanaopanda kuwa Kapteni yalikuwa yanatangazwa mwisho wa Juni, na jina lake lisipokuwemo, ni nyumbani. Kila kitu kilimtegemea Admirali mpya, Sir Hector Lyle-Strang, aliyekuwa anakuja kukagua meli. Pennefather hakulala. Mabaharia hawakulala. Brashi zilipita juu ya rangi iliyopakwa juu ya rangi, na hata vizibo vya shaba vinavyofunika midomo ya mizinga mvua isiingie, vyenye taji la dhahabu katikati, vilizungushiwa rangi pambizoni ili usione ufa.

Luteni Garside wa mizinga, kijana wa Yorkshire asiyejua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, alimwuliza mezani, mbele yetu sote, "Afande, huyo Admirali nasikia anapenda mizinga. Akitaka tupige?"

"Hatataka."

"Akitaka je?"

"Garside, mdogo wangu, hakuna muungwana anayekuja nyumbani kwa mtu na kumwomba avunje vyombo."

Tukacheka. Pennefather akafikiri tunacheka naye.

Admirali akaja, mfupi, mkavu, masikio makubwa. Akapita sitahani, hakutazama chini. Akapita kwenye shaba, hakugeuza shingo. Kapteni alikuwa kitandani na jongo lake, kwa hiyo Pennefather ndiye aliyemfuata nyuma, uso unamng'aa kwa matumaini. Tulipofika kwenye mizinga mikubwa, Admirali akasimama.

"Ng'oeni nanga," akasema. "Nataka kuona mkipiga."

Tukatoka bandarini. Shabaha ikawekwa mbali juu ya maji. Garside akatuma watu watoe vizibo, na vizibo vikagoma. Wakavuta, wakapiga teke, wakamtukana fundi aliyevitengeneza. Rangi ilikuwa imevigandisha.

"Afande, nipe ruhusa ya nyundo na patasi," Garside akanong'ona.

Pennefather akatoa macho. "Patasi? Kwenye rangi yangu? Tumieni tapentaini na kitambaa laini. Taratibu."

"Afande, Admirali anasubiri!"

"Basi taratibu haraka!"

Ilikuwa aibu ya mwaka. Wanaume wazima, wameparamia mizinga ya Mfalme, wanaisugua kwa vitambaa kama mayaya wanaoogesha watoto. Admirali akatazama, akatazama, mwishowe akamwita Garside.

"Mara ya mwisho mizinga hii ilipigwa lini?"

"Tangu nije sijaisikia, afande."

"Na makombora ya mazoezi yako wapi?"

"Baharini, afande."

"Mlilenga nini?"

"Hatukulenga, afande. Tuliyatosa tu."

Admirali hakupaza sauti. Aliagiza nyundo ziletwe, vizibo vikavunjwa, na mzinga ukapiga. Kombora lilikwenda linakojua lenyewe, shabaha ikabaki inaelea salama. Ila mshindo ulifanya kazi yake: rangi ya miaka yote ile ikapasuka ukuta mzima, vipande vikaruka na kutua kwenye kofia na mabega ya Admirali. Pennefather akamkimbilia na leso mkononi. Sote tuliona kwamba anakwenda kumpangusa mkubwa wake, na Admirali mwenyewe akainamisha kichwa kidogo apanguswe. Pennefather akampita, akaanza kufuta reli ya sitaha.

Hapo ndipo alipomwaga unga.

Juni ilipoisha jina lake halikutangazwa, akastaafishwa. Lakini jeshi letu lina huruma ya ajabu: kamanda mkongwe akifukuzwa, siku ya kutoka hupewa cheo kile kile alichonyimwa, mradi asipewe meli. Pennefather alipokea habari hizo kama mtu aliyeshinda. Akashonesha mistari mipya ya dhahabu mikononi mwa koti. Akasema Kapteni akiaga meli, maafisa wake humpigia makasia mpaka nchi kavu, na yeye anangoja makasia yake.

"Kapteni wa meli gani?" Garside alifoka. "Sivuti kasia mimi!"

Winifred ndiye aliyenijia. "Mpelekeni, daktari," akasema. "Najua alivyo. Miaka yote hii nimekula naye meza moja, unadhani sijui? Mpelekeni tu, nakuombeni."

Tukampeleka. Garside naye alishika kasia, amenuna. Pennefather alikaa nyuma mashuani, kifua mbele, macho yamejaa machozi ya furaha, mkono kwenye kofia akiiaga Paramount. Nilimhurumia, nikauchukia moyo wangu kwa kumhurumia, maana nilikuwa namkumbuka Huxtable na gongo lake.

Hatujafika nusu ya njia tukasikia sauti kutoka melini. Ko, ko, ko. Kwanza nyundo moja, halafu nyingi, halafu meli nzima, na mabaharia wakiimba juu yake. Amri ya Admirali ilikuwa wazi: rangi yote itoke mpaka chuma kionekane, na kazi ianze mara tu mtu huyu akishuka.

Mkono wa Pennefather ukaganda kwenye kofia. Alikuwa amegeukia meli, anaiona sawasawa na sisi tuliokuwa tunavuta, lakini akaniuliza hata hivyo, kwa sauti ndogo.

"Wanafanya nini, daktari?"

Hakuna aliyekuwa amemwita kwa cheo chake kipya mpaka saa ile. Nikaona nimpe haki yake.

"Wanakwangua, Kapteni," nikasema.