Nimemzomea Mrefu wa Bungoma, Kumbe Mamake Yuko Kando Yangu

Tumeshinda leo Bungoma, lakini aibu niliyopata, wacha tu.

Timu yetu ya chuo kutoka Kitale, wasichana wa basketi, ilicheza na wenyeji. Wao wana mmoja mrefu sana, na ndiye huwafungia.

Sisi tukamwekea Chebet, kale kasichana ketu kafupi kanakotoka Kapsokwony. Akamkaba mpaka msichana wa watu akakosa pa kupitia.

Mimi nami nilikuwa napiga kelele tu: "Huyo mrefu hana kitu! Mkabe hapo hapo!"

Mama aliyeketi kando yangu akanigeukia polepole.

"Huyo ni msichana wangu."

Si nikanyamaza bana.

Sekunde za mwisho, tuko mbele kwa pointi moja. Mrefu akaruka kufunga. Chebet akaruka naye, akaupiga mpira ukatoka nje, na filimbi ya mwisho ikalia.

Watu wa Kitale wote wakasimama. Mimi naangalia viatu vyangu.

Yule mama akanigusa bega. "Sasa mbona umenyamaza? Huyo mtoto wenu anajua kukaba. Simama umshangilie."

Tukasimama, tukampigia makofi pamoja.

Sasa niambieni, kwa kukaba kule, ni chuo gani kitatufunga mwaka huu?