Karani Anayekaribisha kwa Mikono

Mlango wa kliniki ya meno unafunguliwa, na kabla mgonjwa hajavuka kizingiti, karani wa mapokezi ameshasimama. Anatoka nyuma ya kaunta, anaweka kiganja kifuani, kisha anamwonyesha kiti cha dirishani. Mgonjwa anashusha pumzi. Hawajasemezana hata neno.

Wenzake wanamwita Shangazi. Mwaka jana aliamka akakuta upande wa kushoto wa uso umelala: jicho halifumbi, mdomo umekwenda pembeni. Hospitalini aliambiwa huenda uso usirudi sawasawa.

Aliporejea kazini, malalamiko yakaanza. Yeye akitabasamu, watu wanaona anawabeza. "Yule mama anatubinulia mdomo," mmoja alimshtakia daktari mwenye kliniki. Daktari akamweleza kwa upole kuwa angehamishiwa stoo, kwa mshahara mdogo zaidi. Shangazi, mjane anayemsomesha binti chuoni, aliomba wiki moja tu.

"Marehemu mama yangu alipoteza kauli muda mrefu kabla hajafariki," anasimulia. "Tuliongea kwa macho na mikono, na tuligombana vizuri sana. Nikasema, mdomo umenigomea, lakini mikono ninayo."

Akaacha kukaa nyuma ya kaunta. Mgonjwa akieleza shida, Shangazi anainama usawa wa macho yake, anaitikia kwa kichwa, kompyuta anaipa mgongo.

Wiki ikielekea ukingoni, akaingia fundi seremala, shavu limefura, kinywa hakifunguki. Kumwona Shangazi, akafura kwa hasira pia: alidhani anaigizwa. Foleni ikageuka kutazama. Daktari alikuwa amesimama mlangoni.

Shangazi hakujitetea. Alijigusa shavu lililolala, akajaribu kupiga mluzi, ukatoka upepo mtupu. Akainua mabega. Fundi akamkodolea macho, kisha akaanza kucheka huku ameshika taya kwa maumivu. Foleni nzima ikaangua kicheko. Kwa vidole, Shangazi akamuuliza ni jino la juu au la chini, naye akajibu kwa vidole.

Alipotoka kung'olewa, ganzi imemvuta mdomo pembeni, fundi alijikongoja hadi kaunta. "Dada," akasema kwa taabu, "sasa tumefanana kweli."

"Stoo nitatafuta mtu mwingine," daktari akamwambia Shangazi jioni ile.

Leo wagonjwa humuulizia yeye kwanza. Kliniki inafungua tawi la pili, na Shangazi ndiye atakayewafundisha makarani wapya.

"Siku ya kwanza nitawavalisha barakoa na kuwakataza kusema," anasema. "Atakayemfanya mgonjwa akae bila woga, huyo kafaulu. Maneno nitawaruhusu baadaye."