Placida Afundisha Kompyuta Kuita Wageni

Asubuhi Placida Massawe wa Edmonton, huku ughaibuni, huenda kutunza wazee majumbani mwao, na jioni husoma programu za kompyuta chuoni. Mumewe alidhani ni homa ya msimu, itapoa. Haikupoa. Siku hizi akiwa ndani ya basi huongea na kompyuta yake kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto ale uji.

Jumamosi ya sendoff, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ambaye ni mdogo wake, Haika, mshereheshaji MC Method aliamka hana sauti. Utambulisho ukawa hatarini. Na kwetu, upande wa bwana harusi usipotambulishwa ipasavyo, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, haikatwi wala binti hakabidhiwi.

"Nitawatambulisha kwa kompyuta," Placida akasema. "Jina likitokea ukutani, mwenyewe anasimama."

"Dada Placida," Method akanong'ona, "hawa ni wakwe. Usiwafanyie majaribio."

Lakini programu alikuwa nayo, ile aliyoiandika kupangia viti. Ndani yake kila mgeni alikuwa kitu kimoja kilichobeba mambo yake yote: jina, meza, chakula, hata majina ya watoto wake kwa ajili ya sahani ndogo. Wageni walipoketi ukumbini, akaiamuru kompyuta imwonyeshe mgeni wa kwanza. Ukutani, juu ya maua, pakatokea:

Mgeni 0x7f3a9c10

Wageni wakainua shingo kusoma. Kisha mjomba mmoja akauliza, "Huyo katoka gereza gani?"

Kicheko kikaanzia meza za nyuma kikafika mbele kikiwa kimeshamwaga soda. Nishma wa Tooting, anayesoma darasa moja na Placida, na ambaye Kiswahili alirithi kwa bibi yake wa Moshi, akaja mbio.

"Shoga, hiyo ni sehemu alikohifadhiwa ndani ya kompyuta! Hujamfundisha mgeni ajitaje vipi."

"Najua, najua!" Placida alicheka mpaka vidole vikakosea herufi. Nyumbani alijaribu kuonyesha jina peke yake likatoka vizuri. Hapa aliomba mgeni mzima mzima, na mgeni huyo hakuwa na maelekezo ya kujitambulisha. Akaandika mistari michache: ukiulizwa wewe nani, taja jina lako na la ukoo. Akabonyeza.

Elinaja Ndosi

Makofi! Ila hakuna aliyesimama. Meza ya mbele, shangazi mkubwa wa bwana harusi alikuwa amekunja mikono.

"Shangazi, si wewe huyo?" wenzake wakamuuliza.

"Elinaja ni jina la pasipoti. Tangu nijifungue, wananiita hivyo watu wa uhamiaji tu. Sisimami."

Haika akamkodolea dada yake macho ya kuomba. Asiposimama huyo mama, hakuna wa upande ule atakayesimama.

Placida akajipiga paji la uso. Maandishi sasa yalisomeka, lakini yaliita watu kama askari wa mpakani. Majina ya watoto si yamo? Akafuta, akaandika upya: mama ajitaje kwa mtoto wake wa kwanza, baba vivyo hivyo.

"Na sisi tusio na watoto?" Nishma akauliza.

"Wewe utakuwa Dada Nishma."

"Ongeza 'mrembo'."

"Toka hapa, utaniangushia programu!"

Akabonyeza huku amefumba macho.

Mama Godbless

"Ndiye huyo!" akapaza sauti Godbless mwenyewe, jitu la miraba minne lipakialo mizigo uwanja wa ndege, huku akipanda juu ya kiti. Vigelegele vikapasua ukumbi. Mama yake akainuka taratibu, akaweka kitenge sawa, akacheza mpaka mbele, akamkumbatia Haika, akarudi kwa madaha na kuketi.

Placida akanyoosha kidole amwite anayefuata.

"Ngoja kwanza, mwanangu," Mama Godbless akasema. "Nilikuwa nacheza, sikuliona jina langu vizuri. Hebu rudia."

Akarudia. Mama akasimama tena, na safari hii meza nzima ikasimama naye.