Mtandio wa Tausi Umerudi Dukani

Leo nimetamani mzigo wangu uchelewe njiani.

Mnajua ninavyofanya. Nguo ikiisha naagiza Nairobi kwa redio ya mawasiliano, na siku ya tatu basi linaishusha hapa Garissa.

Juzi nilisema redioni: "Leta tena mitandio ya zambarau, ile ya tausi. Imeisha yote!"

Redio haina siri. Kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Hagadera, mama mmoja aliyekuwa akingoja zamu ya kuongea na jamaa zake alinisikia.

Asubuhi kaingia dukani, vumbi hadi kwenye kope.

"Walaal, ndugu, binti yangu alivaa mtandio kama huo siku tulipopotezana vitani. Huenda kaja kununua mwingine. Nani kaununua?"

"Hooyo, mama, wamenunua wengi."

"Ana kovu kidevuni."

Daftari langu lina tarehe, rangi na idadi. Sura siandiki.

Mara basi likashusha mzigo. Wasichana wakajaa: "Fungua bwana, harusi ni kesho!"

Nikafungua, nikauza.

Mama bado yuko mlangoni. Zambarau ikipita barabarani, anainuka, anaifuata hadi auone uso, kisha anarudi kuketi.

Kila mtandio ninaouza unamwongezea mgongo mmoja wa kufuata.

Limebaki robota moja la mitandio. Nyinyi mngelifungua?