Umepima Jua au Umepima Chumba?

Usiku ule nililala na kiburi changu chote. Asubuhi ningetuma makala yetu kwenye jarida, nikidai kwamba nyutrino, vijichembe vya jua vinavyopenya hata mwamba bila kubisha hodi, hubadili kasi ya kufifia kwa madini ya mionzi. Jina la marehemu Mwalimu Shekifu nililitanguliza mbele ya langu, maana ndiye aliyeanzisha vipimo vile, akafa katikati ya kazi.

Nikamkuta ndotoni, maabarani, amekalia kiti changu. Mashine ya kuhesabia mionzi inalia tiki, tiki, mara inakimbia, mara inasita.

"Unasikia, Mwalimu? Ni jua hilo!"

Anafungua droo moja baada ya nyingine, nami najua anachotafuta.

Sasa tumo sebuleni kwake, mashine iko juu ya kitambaa alichofuma mkewe. Anafunga dirisha, joto linapanda, tiki zinabadilika. Anafungua, zinabadilika tena. Anafunga. Anafungua. Natamani kumshika mkono aache.

"Daftari la joto liko wapi, Rehema?"

Enzi zake hakuna aliyegusa mashine kabla ya kuandika joto la chumba. Alipokufa niliacha, nikiona ni usumbufu wa wazee. Na chuo chetu huwasha viyoyozi msimu wa joto tu. Miezi mingine huvizima ili kubana umeme, hivyo joto la chumba nalo hupanda na kushuka kwa misimu, kama hesabu tulizodai ni za jua.

"Nilitaka jina lako lisomwe," nasema.

"Kwa jambo nisilolijua?" Hana hasira, heri angekuwa nayo. "Umepima jua, mwanangu, au umepima chumba? Kama hujui, litoe jina langu kwenye makala."

Niliamka nimelowa jasho, nikalia kwa aibu. Kulipopambazuka nilimwandikia msimamizi wangu kwamba sitatuma makala yetu. Akapiga simu palepale.

"Rehema, kulikoni? Kazi ya miaka mitatu!"

"Sikuandika joto la chumba, Daktari."

Nilimsikia akivuta kiti, akikaa.

"Tangu Mwalimu afariki?"

"Tangu afariki."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja," nikasema.