Uso wa Baba kwenye Ukumbi wa Vioo

Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, na nyumbani kwetu Kasokola hatukuwa na picha yake hata moja. Sura yake ilikuwa sehemu moja tu: Mpanda mjini, kwenye nyumba ya zamani ya mkubwa wa mgodi wa madini ya risasi, iliyokuja kugeuzwa nyumba ya sanaa. Mgeni mmoja aliwachora wachimbaji enzi hizo, baba akiwemo. Mama alishaiona picha ile. Mimi, na utu uzima wangu wote, nilikuwa naogopa kwenda.

Miaka ya tisini nyumba ile ikafungwa ili ikarabatiwe. Ilipofunguliwa, jirani alituletea habari kwamba paa lilipoezuliwa mvua ilinyesha ndani, picha nyingi zikaoza. Mama akasukuma sahani ya ugali pembeni.

"Nipeleke," akasema.

Nilimpakia kwenye baiskeli. Njia nzima alinishika shati kwa nguvu mpaka likanibana shingoni.

Kuta nene za mawe za nyumba ile zilikuwa zimepakwa rangi upya, na ubavuni zimeunganishwa na ukumbi mpya wa zege na vioo kutoka chini hadi juu. Mama alipapasa kioo akitafuta mlango. Ndani, sakafu iling'aa kama imemwagiwa maji. Akavua kandambili, akazishika mkononi.

Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha zamani. Ukuta ulikuwa mweupe, mtupu.

"Ilikuwa hapa," akasema. "Hapa hapa."

Dada mmoja mhudumu akatusogelea. "Shikamoo mama. Nyie mnatafuta picha gani?"

"Marahaba. Ya wachimbaji."

"Zilizolowa zilitupwa," akasema, akafikiri kidogo. "Ila kuna zilizohamishiwa ukumbi mpya. Twendeni tukaangalie."

Mama akanishika mkono kama mtoto anayevushwa barabara. Sijui nani alimshikilia mwenzake.

Ilikuwepo. Pembe moja ilikuwa imeingia doa la maji, lakini wanaume wanne walikuwa wamesimama wazima, na mwanga wa vioo ukiwapiga usoni. Niliwaangalia mmoja mmoja kwa hofu. Sikumtambua baba yangu.

"Yupi, mama?"

Akanyoosha kidole kwa wa pili, mwembamba, kofia imemzidi kichwa. Nilingoja moyo uniambie kitu. Haukuniambia. Nilimwona kijana tu, nisiyemjua, nikaogopa mama asije akagundua.

Mama alimtazama sana, kisha akanigeukia mimi, akamrudia yeye.

"Kumbe alikuwa mtoto hivi!" akasema. "Mimi siku zote namuwaza mzee, tumezeeka wote. Wewe mwanangu umeshampita."

Hapo ndipo machozi yalinitoka. Dada alituletea benchi. Tulikaa mpaka walipotaka kufunga, na mama akamwuliza dada yule kama wajukuu wanaruhusiwa kuingia.